Bingwa wa Miaka Kumi na Minne

Walimu vijana wa shule yetu wameniomba, kabla sijafunga mizigo yangu kurudi kwetu Ihanja, niwaandikie namna ya kumtambua mwanafunzi atakayekuwa mkimbiaji ukubwani. Wanasema mimi ndiye niliyeshika filimbi ya michezo muda mrefu kuliko mwalimu yeyote upande huu wa Iramba, kwa hiyo lazima ninajua. Maneno hayo yalinifanya nikae siku tatu na kalamu mkononi bila kuandika hata mstari mmoja. Ukweli ni kwamba sijui. Kwa miaka mingi nilidhani ninajua, na nilitangaza kwa sauti kubwa, mbele ya wazazi na mbele ya mkuu wa wilaya, Bwana Shauri mwenyewe. Nitakachoandika hapa ni jinsi nilivyokuja kujua kwamba sijui. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Anayezitaka atazikuta ofisini, na hazitamchukua muda mrefu kuzisoma.

Nilifika kwa treni. Wakati ule reli ya tawi kutoka Manyoni ilikuwa bado inapita Singida hadi Kinyangiri, nami nilishuka Kinyangiri na sanduku la bati na kitanda cha kamba kilichovunjika mguu njiani. Kesho yake mwalimu mkuu alitugawia kazi za nje ya darasa. Aliyesema anajua kuimba alipewa kwaya, aliyesema anajua kilimo alipewa shamba la shule. Mimi sikusema ninajua kitu, nikapewa michezo.

Aliyenikabidhi vifaa alikuwa Mwalimu Yona, mzee wa Kinyiramba mwenye miguu mirefu na maneno mafupi. Vifaa vyenyewe vilikuwa filimbi moja, saa ya kubonyeza yenye ufa kwenye kioo, na kamba ya katani ya yadi mia. Alinifundisha kuchora mistari ya uwanja kwa majivu yaliyonyunyiziwa maji, alfajiri, kabla upepo wa Singida haujaamka. Alinionya nisipime uwanja baada ya mvua, kwa sababu kamba ya katani ikilowa hufupika, na wavulana wako wote watakuwa mabingwa mpaka jua liwake. Alinifundisha pia kwamba katika mbio za maili moja mwalimu asitazame miguu. Miguu hudanganya. Atazame mabega katika mzunguko wa tatu, maana mtu aliyechoka hupandisha mabega hata kama uso wake unacheka.

Yote hayo niliyashika vizuri. Lakini Mwalimu Yona alikuwa na neno jingine ambalo sikulishika. Alipenda kusema kwamba mtoto anayewashinda wenzake leo amewashinda leo, basi. Mimi nililiona ni neno la mzee aliyechoka. Nilikuwa na daftari langu, na kila mwaka niliandika humo majina ya wavulana walioshinda nusu maili na maili moja, na kando ya kila jina niliandika atakavyokuwa mkubwa. Huyu atakimbia Singida. Huyu atafika Dodoma. Niliandika kwa wino, si kwa penseli.

Baada ya miaka kadhaa akaja Juma Kitundu.

Aliletwa na mjomba wake kutoka Nduguti, akiwa na blanketi moja na kisanduku kidogo cha mbao. Alikuwa mpole, mzito wa kusema, na kila alipoulizwa swali alisimama kwanza ndipo akajibu. Katika rejesta ya shule aliandikwa kuwa amezaliwa mwaka reli ilipofika Kinyangiri. Kwa hesabu hiyo alikuwa na miaka kumi na mitatu, akiingia kumi na minne.

Wiki ya kwanza niliwapanga wavulana wapya wakimbie nusu maili, nipate kuwajua. Nilipuliza filimbi, nikainama kufunga kamba ya kiatu, na nilipoinua macho nilidhani mtu mmoja amekata uwanja katikati. Juma alikuwa ameachana na wenzake kabisa. Wao walikuwa wakiingia kona ya mwisho naye alikwisha kumaliza, amesimama pembeni, mikono kiunoni, akiwangojea kwa adabu. Nilitazama saa. Niliitikisa. Niliiweka sikioni. Kisha nikamwambia akimbie tena peke yake, naye akakimbia tena bila kuuliza, na saa ikasema vilevile. Mwili ulinisisimka. Mpaka leo nikikumbuka, nasikia baridi mgongoni, ingawa sasa ni kwa sababu nyingine.

Katika mbio zile zile aliyekuwa wa mwisho alikuwa Samweli Mkumbo, mtoto wa palepale Kinyangiri. Alikuwa mfupi, mwembamba kama ufito, na bukta aliyogawiwa na shule ilimfika chini ya magoti. Alikimbia wa mwisho siku ile, akakimbia wa mwisho wiki iliyofuata, na kila niliposema wanaotaka kukimbia wabaki uwanjani, alibaki. Mwezi ulipokwisha nilichoka kumngojea amalize ndipo nifunge kazi. Nilimwita mbele ya wenzake nikamwambia, "Samweli, mbio si kazi yako. Usipoteze nguvu zako wala muda wangu." Wavulana walicheka. Yeye alisema ndiyo, mwalimu, akaenda kumwagilia mboga. Sikumfikiria tena.

Juma nilimfikiria usiku na mchana. Nilimpa maziwa ya ng'ombe wa shule. Nilimtoa kwenye kazi za shamba. Nilimkimbiza asubuhi kabla ya gwaride, na nilipoona hayo hayatoshi nikamkimbiza pia katika saa ya tatu ya masomo, wakati jua halijawa kali. Saa ya tatu lilikuwa somo la hesabu, na kwa kuwa hesabu nilifundisha mimi mwenyewe, sikuhitaji ruhusa ya mtu. Niliwapa wengine maswali ubaoni, nikatoka na Juma. Mwisho wa muhula nilimwandikia alama za kupita, kama mtu anavyompa mgeni kiti.

Siku moja Mwalimu Yona, ambaye alikuwa karibu kustaafu, alisimama karibu nami tukimtazama Juma anazunguka uwanja. Aliniuliza kama nimewahi kumtazama kijana yule usoni asubuhi. Nilimwambia mimi natazama mabega, kama alivyonifundisha. Akasema kijana yule ananyoa ndevu. Ana wembe katika kisanduku chake. Nilicheka. Nilimjibu kwamba Wanyiramba wengine huota ndevu mapema, nikamwambia na yeye labda ni mmoja wao. Hakucheka.

Katika mashindano ya shule za wilaya pale Singida, Juma alishinda nusu maili, na baada ya chakula cha mchana akashinda maili moja kwa mbali kiasi kwamba watu waliokuwa wakirudi kutoka ziwani walidhani mbio mbili tofauti zinakimbiwa. Bwana Shauri alishuka kwenye kiti chake akaja kumpa mkono. Mkaguzi wa shule, Mwingereza mrefu aliyeongea Kiswahili cha vitabuni, aliniuliza mvulana huyu ana miaka mingapi. Nilimjibu kumi na minne, na niliona jinsi uso wake ulivyobadilika. Alisema kama ana miaka kumi na minne na anakimbia hivi, akifika ishirini hakuna mtu katika nchi hii atakayemfikia. Alilisema neno lile lile nililokuwa nimeliandika kwenye daftari. Nilirudi Kinyangiri nikiwa mrefu kuliko nilivyoondoka.

Mwaka uliofuata Juma alishinda tena, lakini safari hii wa pili alikuwa nyuma yake hatua chache tu. Mwaka wa tatu, mafundi walikuwa wamekwisha kuja kuing'oa reli yetu kupeleka vyuma mahali pengine, na nilimfanyisha mazoezi kwenye tuta lililobaki, maana lilikuwa limenyooka na tambarare kuliko uwanja wowote tulioweza kulima sisi. Nilikimbia naye mwenyewe mpaka pumzi ziliponikatika. Saa haikubadilika. Ilisema vilevile ilivyosema siku ya kwanza, kana kwamba imekwama. Pale Singida alikuwa wa tatu katika mbio za wavulana. Nilimwingiza pia katika mbio za watu wazima, nikiamini atawashangaza, naye akawa wa nne, nyuma ya askari polisi wawili na mpishi wa hospitali.

Hapa ndipo ninapotaka vijana wasome taratibu. Sikujiuliza hata swali moja. Niliamini kwamba kipaji hakipotei, kwa hiyo aliyepotea ni mwenye kipaji. Nilisikia, sikumbuki kwa nani, kwamba Juma ameonekana karibu na nyumba moja inayopika pombe ya mtama. Jumatatu, kwenye gwaride, nilimwita mbele ya shule nzima. Nilisema amewaaibisha waliomlisha. Nilimwita mlevi, yeye ambaye alikuwa Mwislamu na hajawahi kuonja pombe, jambo nililokuja kulijua baadaye kwa aibu. Kisha nikamchapa viboko sita. Alisimama akitazama mbele. Nilipomaliza alisema, "Asante, mwalimu," kama ilivyokuwa desturi, akarudi kwenye mstari wake. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitazama mabega yake. Hayakupanda.

Kesho yake jina lake liliitwa kwenye gwaride mara tatu. Blanketi halikuwepo, kisanduku hakikuwepo.

Jumamosi nilikwenda Nduguti kwa miguu kumrudisha. Nilipofika kwao, mama yake alikuwa uani anapepeta mtama, na kando yake binti mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa akichochea moto. Nilisalimu, nikakaribishwa kwenye kigoda, nikapewa maji. Mama alisema kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kinyiramba kwamba Juma alipita, akamwamkia, akaendelea na safari kwenda Itigi kutafuta kazi ya reli. Hakuwa na hasira na mtu. Alisema yeye mwenyewe aliona ni sawa, kwani umri wa kukaa shuleni ulikwisha kumpita. Baba yake alipokuwa na umri kama ule alikuwa na mke na mji wake.

Nilimwambia kwa upole kwamba mama labda amesahau, Juma ana miaka kumi na sita tu, amezaliwa mwaka wa reli.

Mama aliacha kupepeta. Alidhani ninamtania.

"Mwalimu," alisema, "treni ya kwanza ilipofika Kinyangiri, Juma ndiye aliyenishika mkono kwenda kuiona, maana mimi nilikuwa mja mzito. Alikuwa anachunga ndama. Mtoto wa mwaka wa reli ni huyu." Akamwonyesha kwa ungo yule binti aliyekuwa akichochea moto.

Binti aliinuka kidogo, akaniamkia shikamoo. Nilimtazama yeye, nikamtazama mtoto aliyelala mgongoni mwake. Kikombe cha maji kilinimwagikia magotini. Mtoto achungaye ndama ana miaka minne, labda mitano. Siku ile niliyoitikisa saa nikidhani mbovu, sikuwa nimeona mtoto anakimbia kama mtu mzima. Nilikuwa nimeona mtu mzima anakimbia na watoto.

Sikumbuki nilivyorudi. Nakumbuka tu kwamba Jumapili, wengine wakiwa kanisani, nilifungua ofisi nikaitoa rejesta nione ni nani mjinga aliyeandika umri ule. Mwandiko ulikuwa wangu. Chini ya jina la Juma, na juu yake, karibu orodha nzima ya wavulana walikuwa wameandikwa "mwaka wa reli", kwa mkono wangu, kwa wino mmoja. Nikakumbuka. Ilikuwa siku ya joto, wino ulikuwa ukikaukia kalamuni, na mjomba wake Juma aliniuliza shule inapokea watoto wa umri gani. Nilimwambia wasiozidi miaka kumi na mitatu. Alifikiri kidogo akasema, basi ana kumi na mitatu. Nikaandika.

Nilikwenda kwa Mwalimu Yona, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu na anafuga nyuki. Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema aliniambia kijana ananyoa ndevu, kisha akanipa asali. Asali hiyo ilinichoma kuliko kama angenikaripia.

Likizo iliyofuata nilichukua daftari langu nikazunguka kuwatafuta mabingwa wote niliowaandika kwa wino. Nilikwenda Ihanja, nikaenda Kiomboi, nikashuka mpaka Manyoni. Nilimkuta mmoja ni mkata tiketi stesheni, mwingine katekista, mwingine ana ng'ombe wengi na kitambi. Mmoja alikwisha kufariki. Hakuna aliyekuwa anakimbia. Wengine, nilipouliza vizuri kwa mama zao, walikuwa watu wazima nilipowaandika watoto. Wengine walikuwa watoto kweli, ila walikua mapema, na walipofika kimo chao wakasimama hapo wenzao wakiwapita. Na wawili watatu walikuwa na kipaji cha kweli, naamini hivyo hata leo, lakini waliona kukimbia ni jambo la shule, kama sare. Ukimaliza shule unaivua. Mkata tiketi aliniuliza kwa mshangao wa kweli: mwalimu, nikimbie niende wapi?

Sikutupa daftari, lakini tangu hapo niliandika kwa penseli.

Miaka ilipita. Nilizidi kuwakimbiza wavulana, kila mmoja, wa mwisho kama wa kwanza, na walimu wapya waliona nimezeeka. Mwaka mmoja nilipeleka shule yetu Singida kwenye michezo ya wilaya, na wavulana wetu walipomaliza nikabaki kutazama mbio za watu wazima. Maili moja. Miongoni mwa askari na vijana wa mjini alikuwepo mtu mmoja mrefu sana, mwembamba, peku, aliyevaa fulana ya matarishi wa baraza. Alikaa nyuma mzunguko wa kwanza, akakaa nyuma mzunguko wa pili. Katika wa tatu nilitazama mabega kwa mazoea. Ya wengine wote yalikuwa yamepanda. Yake yalikuwa yametulia kama ya mtu aendaye kisimani. Kisha akaanza kuwapita mmoja mmoja, bila haraka, na mzunguko wa mwisho aliukimbia peke yake. Watu walisimama. Nami nilisimama, nikiwa na furaha ya mtu anayetazama mali ya mwingine. Niliwaza kwamba huyo mwalimu aliyemfundisha ana bahati.

Alipokwisha kupewa mkono na Bwana Shauri, alivuka uwanja akaja moja kwa moja niliposimama. Aliinama.

"Shikamoo, mwalimu. Mimi Samweli. Yule wa mwisho."

Nilitafuta katika uso ule mtoto wa bukta ndefu, na nilimpata machoni tu; kwingine kote alikuwa mtu mgeni. Alinieleza kwamba baada ya shule baraza lilimwajiri kuwa tarishi, kupeleka barua kutoka Kinyangiri hadi Nduguti na kurudi. Mwanzoni alitembea. Baadaye alianza kukimbia, ili arudi kabla ya jua kuzama, kwa sababu aliogopa fisi. Akiwa na miaka kumi na minane alirefuka ghafla kama mtama uliopata mvua ya pili. Siku moja askari mmoja wa polisi alimtania kwamba tarishi hawezi kushindana na askari, wakakimbia, askari akashindwa. Ndivyo ilivyoanza. Nilihesabu miaka kichwani. Samweli alikuwa amezaliwa mwaka wa reli kweli. Katika ile orodha ya rejesta niliyoiandika kwa wino, yeye ndiye niliyempatia, tena kwa bahati tu.

Nilimuuliza kama alinikasirikia siku ile.

"Sikukasirika, mwalimu," alisema. "Niliamini."

Nimepigwa maneno mengi katika kazi hii, na wazazi, na wakaguzi, na mwalimu mkuu mmoja aliyekuwa na kipaji cha matusi. Hakuna lililonipiga kama hilo. Angekasirika, angekimbia miaka minne mapema. Fisi walimsaidia kuliko mimi. Samweli alipelekwa Dar es Salaam mwaka ule akawa wa pili kwa nchi nzima, na mwaka uliofuata akawa wa kwanza, na watu wa Kinyangiri walikuja kunipongeza nyumbani kwangu. Niliwaambia mimi nilimfukuza uwanjani. Walidhani ni unyenyekevu.

Samweli ndiye aliyenipa habari za Juma. Treni yake ya kwenda mashindano ya upande wa magharibi iliposimama Itigi alimwona kwenye genge la kutengeneza njia, wakaamkiana dirishani. Nilipopata likizo nilipanda lori mpaka Manyoni, na kutoka hapo treni.

Nilimkuta kilomita kadhaa nje ya stesheni, ndani ya vichaka vya Itigi, yeye na wenzake wakiinua mataruma ya kulalia reli. Alikuwa amejaa kifua, na ndevu sasa alikuwa ameziachia. Aliweka mtaimbo chini, akafuta mikono, akaniamkia kwa adabu ile ile. Tulikaa kwenye rundo la mataruma. Nilimwambia nilikwenda kwao, nimejua umri wake, nimejua hakunywa pombe, na nimekuja kuomba radhi kwa viboko vile na kwa maneno yale. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Manyoni.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha alisema taratibu, "Umri wangu niliujua, mwalimu. Nilikuwa nakimbia ili usiutazame."

Sikumwelewa, naye akanieleza. Alichelewa shule kwa sababu ya ng'ombe wa baba yake. Siku ya treni ya kwanza alimwona karani wa stesheni akishika bendera na kitabu, na treni nzima ikimsikiliza, akataka kuwa mtu yule. Alijua ameingia shuleni kwa uongo wa mjomba, na alijua siku yoyote anaweza kurudishwa nyumbani. Lakini aliona kwamba nikiitazama saa, simtazami yeye. Kwa hiyo kila nilipopuliza filimbi alikimbia kwa nguvu zake zote, akiamini kwamba siku atakaposhindwa nitamtazama usoni, nione ndevu, nimfukuze. Aliposhindwa, nikamwita mbele ya gwaride, alijua siku imefika. Alishangaa tu kwamba nilimwita mlevi.

Nilikuwa nimekwenda kuomba radhi kwa viboko sita, na kumbe viboko vilikuwa kitu kidogo kuliko vyote. Alikimbia miaka mitatu kwa hofu, nami nikaiandika hofu ile kwenye daftari kuwa ni kipaji.

Nilimuuliza kama kuna jambo ninaloweza kumfanyia. Aliingiza mkono mfukoni akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Ilikuwa karatasi ya mtihani wa unyapara wa genge. Alikuwa ameujaribu mara mbili na kushindwa. Kazi yenyewe aliijua kuliko nyapara aliyekuwepo, wenzake walikiri hivyo, lakini mtihani ulitaka mtu agawanye yadi kwa futi, na aseme theluthi mbili za mzigo wa mataruma ni ngapi.

"Hesabu za sehemu zilifundishwa saa ya tatu," alisema. Hakusema kwa lawama. Alinieleza kama mtu anavyomwonyesha mgeni njia ilikopita. "Saa ya tatu mimi nilikuwa uwanjani."

Na mimi nilikuwa naye uwanjani, na mwalimu wa saa ya tatu nilikuwa mimi.

Sikurudi Ihanja likizo ile. Nilipanga chumba kwa Mnyamwezi mmoja pale Itigi, na kila alasiri genge lilipofunga kazi Juma alikuja na kipande cha bati alichokipaka masizi, nami nikaja na chaki. Tulianza na nusu. Alikuwa mzito wa kuelewa na mzito zaidi wa kusahau. Siku moja, kwenye robo tatu ya kumi na mbili, alikaa kimya muda mrefu mno, nami nikashindwa kujizuia, nikamwambia kwa ukali afanye upesi. Hakuinua kichwa. Aliendelea kuhesabu kwa vidole, midomo ikichezacheza, mpaka akaandika tisa, ndipo akanitazama. Sikumharakisha tena. Likizo ilipokwisha tulikuwa tumefika kwenye kugawanya yadi na futi, naye alikuwa bado anakosea mara moja katika tatu. Niliondoka bila kujua kama nimemsaidia.

Sasa walimu wenzangu mtasema sijajibu swali lenu. Mmeniuliza mtoto hodari atakuwa hodari ukubwani au hatakuwa. Nimemwona mmoja niliyemwona wa mwisho akawa wa kwanza, na wengi niliowaona wa kwanza wakawa watu wa kawaida wenye mashamba yao. Zaidi ya hapo nikisema nitakuwa nimerudia kuandika kwa wino. Pimeni uwanja kamba ikiwa kavu. Ulizeni umri kwa mama, msiulize kwa mjomba. Na msimtoe mtoto darasani.

Barua ya Juma ilinifikia muhula uliofuata, kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa kubwa zilizopinda kama vichuguu. Alinisalimu, akaniulizia afya, akasema mvua Itigi imekuwa nzuri. Kisha aliandika hivi: "Mwalimu, mtihani nimeupata. Maswali yote niliyafanya, na hakuna mtu aliyenikimbiza. Nilikuwa wa mwisho kutoka chumbani."